Ngumbaru wa Nyanza Kusini: Miaka 60 Katika Nyumba za Watu

Taasisi nyingi zikitimiza miaka 60 hupaka rangi majengo yake, huweka jiwe la kumbukumbu na kumwalika waziri akate utepe. Elimu ya watu wazima katika kaunti za Migori na Homa Bay haina jengo la kupakwa rangi. Darasa lake liko kanisani siku zisizo na ibada, kwenye chumba cha chekechea watoto wakishatoka, chini ya banda la kupimia samaki, au uani kwa chifu. Bodi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria ya bunge mwaka wa 1966, na kwa hesabu hiyo elimu hii inafikisha miongo sita mwaka wa 2026. Katika pembe hii ya Ziwa Victoria, iliyokuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini hadi ilipoanza kumegwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ingali mpangaji.

Wakenya wengi huyaita masomo hayo ngumbaru, na mara nyingi hulitamka jina hilo kwa kicheko. Mzee wa miaka 60 aliyejikunja kwenye dawati la mtoto wa miaka 5 anachekesha. Hata yeye hujicheka. Ila ngumbaru wa huku hakuanza na bodi wala na serikali, na ukimfuata tangu mwanzo unaona jambo moja likijirudia. Kila alipofikia kwa mwenyeji mwenye shughuli inayodai herufi na hesabu, alinawiri. Alipoletewa herufi peke yake alikonda, hata pale serikali ilipofungua mkono.

Mwenyeji wa kwanza alikuwa misheni. Novemba 1906 mmisionari wa Waadventista Wasabato kutoka Kanada, Arthur Carscallen, alifika Kendu Bay akiwa na Peter Nyambo wa Nyasaland, Malawi ya leo, nao wakaweka kituo kwenye kilima cha Gendia. Carscallen alijifunza Kidholuo, akaandika sarufi yake, akaleta na mashine ndogo ya kuchapa. Hapo ndipo ilipochipuka Africa Herald Publishing House, kampuni ya vitabu iliyoko Kendu Bay. Miaka michache baadaye Waadventista walifungua kituo kingine Kamagambo, katika Migori ya leo, nao Wakatoliki wa Mill Hill wakajenga Asumbi. Wengi wa wasomaji hao wa kwanza hawakuwa watoto. Walikuwa vijana waliokomaa, wengine tayari na mji wao na ng'ombe wao, na walishika kitabu kwa sababu kusoma ndiko kulikokuwa mlango wa ubatizo. Pengine si kosa kusema kwamba katika Nyanza Kusini mtu mzima alitangulia darasani kabla ya mtoto.

Serikali ya kikoloni ilichelewa. Ilipoamka, ilianzia mbali: Jeanes School ya Kabete, iliyofunguliwa mwaka wa 1925, iliwafundisha walimu wa mashambani pamoja na wake zao, na baada ya Vita vya Pili ikawapokea askari waliorudi kutoka Burma na Abisinia wakiwa na maswali mengi kuliko walivyoondoka. Mwaka wa 1948 likaundwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, ili watu waliokwisha kujua kusoma wapate cha kusoma. Hilo lilikuwa tatizo la kweli. Mtu akifundishwa kusoma kijijini ambako hakuna gazeti, barua wala kitabu ila Biblia moja ya jirani, baada ya misimu miwili amesahau.

Ni kupitia shirika hilo Karachuonyo, eneo la Kendu Bay, ilipata nafasi yake katika simulizi hii, ingawa ni wachache huko wanaoikumbuka. Mwaka wa 1957 Mmarekani Elizabeth Mooney, mtaalamu wa kisomo aliyefuata mbinu ya Frank Laubach, alifika Nairobi kuendesha kampeni ya kuwafundisha watu wazima kusoma. Mbinu hiyo ilianza na picha ya kitu anachokijua mwanafunzi, kisha neno, kisha silabi, na kila aliyejua alitakiwa amfundishe mwenzake. Ofisini mwake Mooney alimwajiri karani kijana, mzaliwa wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, aliyeondoka shule ya Maseno bila kumaliza. Jina lake Barack Obama. Mchana alipiga taipureta. Nje ya saa za kazi alisoma kwa posta ili apate cheti alichokikosa. Na kwa ajili ya kampeni ile akaandika kwa Kidholuo vitabu vidogo vya kisomo, *Otieno Jarieko*, yaani Otieno mwenye busara, vilivyotolewa na shirika hilohilo mwaka wa 1959.

Kitabu cha pili katika mfululizo huo ni cha kilimo: njia nzuri za kulima shamba. Msomaji anayekazana na silabi anajifunza wakati uohuo jinsi ya kutunza udongo wake, na shujaa wake ni mtu wa kijijini kama yeye. Mwaka huohuo mwandishi alipanda ndege kwenda kusoma Hawaii, Mooney akiwa mmoja wa waliomchangia gharama, na ulimwengu ukaja kumjua kwa sababu ya mwanawe. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa mwandishi wa vitabu vya ngumbaru, na yeye mwenyewe ngumbaru wa namna yake.

Hakuwa peke yake. Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, alisomea kazi ya ukaguzi wa afya Nairobi kisha akaajiriwa na baraza la jiji. Chuo kikuu hakukiona akiwa kijana. Akiwa tayari kiongozi wa wafanyakazi alichukua masomo ya uchumi kwa posta kutoka Afrika Kusini, na mwaka wa 1955 akapata ufadhili wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza kwenda Ruskin College, Oxford. Ruskin kilianzishwa mwaka wa 1899 hasa kwa watu wa aina yake: wafanyakazi wazima ambao shule iliwapita. Alirudi mwaka wa 1956 akiwa na hoja zilizowatoa jasho magavana, na kuanzia 1959 akasimamia safari za ndege zilizowapeleka mamia ya vijana Marekani. Huwa tunamsifu Mboya kwa wale aliowapeleka. Ni nadra kutajwa kwamba yeye alipitia mlango wa nyuma, ule wa watu wazima, na kwamba mlango huo ulikuwa wa chama cha wafanyakazi, si wa wizara.

Sheria ya 1966 ilizaliwa katika upepo wa dunia nzima. Mwaka mmoja kabla, mawaziri wa elimu walikutana Tehran kwa mwito wa Unesco kujadili kufuta ujinga wa kusoma, na tangu 1967 tarehe 8 Septemba ikawa siku ya kimataifa ya kisomo. Kenya ikaunda bodi ya kushauri na kuratibu, ikazindua kampeni, kisha ikaiacha kazi yenyewe mikononi mwa maafisa wa maendeleo ya jamii, makanisa na vyama vya akina mama. Fedha zilikwenda kwa shule za watoto na kwa Harambee za sekondari. Mtu hawezi kulaumu sana. Nchi ilikuwa changa na kila mzazi wa Oyugis au Kehancha alitaka mwanawe apate kazi ya ofisi. Kwa wakulima kulikuwa na njia nyingine, ya vyuo vya mafunzo ya kilimo kama kile cha Homa Bay na kile cha Miyare, ambako mtu huenda kwa siku chache, akalala, akala, akaonyeshwa mbegu na mbolea, akarudi kwake.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Mkuria wa Isebania ana jamaa Sirari na Tarime, na katika miaka hiyo jamaa hao walikuwa ndani ya mradi mkubwa. Kuanzia 1968 hadi 1972 Unesco na serikali ya Tanzania waliendesha katika mikoa ya Ziwa, makao yakiwa Mwanza, kisomo kilichofungamana na kazi: kitabu cha mkulima wa pamba kilisema pamba, cha mvuvi kilisema samaki. Mwalimu Nyerere akaufanya 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka wa 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu vikundi vikundi kusikiliza, kujadili na kuchimba vyoo. Wasiojua kusoma nchini humo, waliokaribia theluthi mbili ya watu wazima mwaka wa 1967, walishuka hadi asilimia 39 mwaka wa 1975. Tanzania ilikuwa na lugha moja ya kufundishia na chama kimoja cha kusukuma. Migori ilikuwa na Kidholuo, Kikuria, Kisuba na Kigusii, pamoja na Kiswahili cha sokoni, na darasa moja la ngumbaru katika miji ya mpakani laweza kuwa na wasemaji wa zote.

Kisha ikaja 1979.

Katika sherehe za Jamhuri za Desemba 1978 Rais Moi, akiwa na miezi michache tu madarakani, alitangaza kwamba ujinga wa kusoma ufutwe katika muda wa miaka mitano. Mwaka uliofuata Idara ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa, walimu wakaajiriwa kwa maelfu, machifu wakaagizwa kuhamasisha. Mwaka huo wa kwanza waliojiandikisha kote nchini walizidi laki 4. Nyanza Kusini nayo ilijaa madarasa. Miaka 20 baadaye, idadi ya wanafunzi nchini ilikuwa imeporomoka hadi kiasi cha laki 1.

Kuporomoka huko kumeelezwa kwa sababu nyingi: bajeti iliyokatwa, walimu wa muda waliolipwa posho isiyotosha nauli, amri iliyopoa. Zote ni kweli, lakini sababu nyingine unaziona tu ukiketi nyuma ya darasa. Saa nane mchana jua linachoma mabati. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, na wengine wana watoto mgongoni. Mwalimu anaandika ubaoni, na mama wa miaka 50 anakunja uso, anasogeza daftari mbali, kisha anaacha. Si mjinga wala mvivu. Macho ya karibu yamechoka, kama yanavyochoka ya kila mtu wa umri huo, na miwani ya kusomea haikuwamo katika bajeti ya idara. Ni watu wangapi walioandikwa kwenye rejista kuwa wameacha masomo ilhali walichohitaji ni vioo viwili?

Kalenda nayo ilikuwa ya mtu wa ofisini. Mvua za masika zikianza Machi, hakuna mwanamke wa Ndhiwa au Uriri anayekwenda kusoma wakati jirani anapanda. Ufuoni mambo yanapangwa na mwezi: omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo siku za giza wanaume hulala mchana na wanawake huanika samaki tangu alfajiri, na mwezi ukiwa mpevu ndipo watu hupata nafasi. Mwalimu wa Karungu, Sori au Mbita aliyelijua hilo alipata wanafunzi. Aliyefuata ratiba ya mihula ya shule alifundisha viti.

Na mara nyingi kilichofundishwa kilikuwa herufi tupu. Mwaka uohuo wa 1979 kiwanda cha sukari cha South Nyanza, Sony kwa wenyeji, kilianza kusaga miwa Awendo baada ya kampuni kuundwa mwaka wa 1976. Maelfu ya wakulima wakaingia mkataba. Mkulima wa miwa hulipwa baada ya kungoja zaidi ya mwaka, na anacholetewa ni karatasi yenye tani, bei, kisha makato: kulima, mbegu, mbolea, kukata, kusafirisha. Nambari ya mwisho, iliyo chini kabisa, ndiyo karo ya watoto. Hakuna kitabu cha kisomo kingeweza kushindana na karatasi ile kwa kuvuta macho ya mtu. Wakulima wa tumbaku wa Kuria walikuwa na karatasi zao, zenye madaraja ya majani na mkopo wa pembejeo. Kulikuwa na mwenyeji tajiri mlangoni, naye ngumbaru akaendelea kuimba a, e, i, o, u kanisani.

Kulikuwa pia na redio.

Mei 1982 mji wa Homa Bay ulipata kituo kidogo cha FM, kilichoanzishwa kwa msaada wa Unesco na kuhesabiwa kuwa redio ya jamii ya kwanza barani Afrika. Wazo lilikuwa kwamba utangazaji hauhitaji jumba la Nairobi: mitambo ya bei nafuu, nguvu ndogo, eneo dogo, watu wanasikia mambo yao wenyewe ya maendeleo kwa lugha yao wenyewe, Kidholuo. Kwa elimu ya watu wazima hii ilikuwa nyumba bora kuliko zote. Redio haikuhitaji dawati, wala macho mazuri. Mama aliyeanika omena aliisikia akiwa kazini, na mzee asiyejua kusoma hakuwa na la kuonea haya.

Miezi mitatu haikupita. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga waliasi, wakateka redio ya taifa, Sauti ya Kenya, jijini Nairobi na kutangaza kuwa serikali imepinduliwa. Uasi ulizimwa ndani ya saa chache, lakini serikali ilibaki na hofu mbili, ya maikrofoni na ya Nyanza, na kituo cha Homa Bay kilikuwa na vyote viwili. Mwishoni mwa 1984 serikali ikakifunga. Wanahistoria wa utangazaji ulimwenguni bado wanalitaja jina la Homa Bay katika kurasa za kwanza za sura za Afrika; mjini Homa Bay kwenyewe hakuna kinachoonyesha kwamba jambo kubwa namna hiyo lilipita. Kama kuna jiwe la kumbukumbu linalostahili kuwekwa katika mwaka huu wa sherehe, lingeanzia hapo.

Mwenyeji aliyefuata hakualikwa na mtu. Ukimwi uliingia katika fuo na miji ya barabarani, ukasaidiwa na biashara ya jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hupata samaki kwa kulala na mvuvi, na kufikia mwisho wa karne kila mji ulikuwa na kaburi jipya. Madaktari wasio na mipaka, MSF, walikuwa Homa Bay tangu 1996. Mwaka wa 2001, katika hospitali ya wilaya, wakaanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi, jambo lililokuwa geni katika hospitali ya umma nchini Kenya.

Dawa zile zilikuja na shule yake. Kabla ya kupewa, mgonjwa alipitia vikao vya mafunzo: virusi ni nini, dawa inafanya nini, kwa nini umeze kwa saa na usiruke hata siku unapojisikia umepona. Ilimbidi ajue saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi, na nambari ya kinga yake, kwa sababu siku hizo aliyeshuka chini ya 200 ndiye aliyekuwa wa kwanza kuanzishiwa dawa. Walimu wazuri zaidi wa vikao hivyo walikuwa wagonjwa wenyewe waliotangulia. Hakuna aliyeliita darasa hilo ngumbaru, na halikuingia katika takwimu za idara, lakini ndilo darasa kubwa la watu wazima kuliko yote ambayo Nyanza Kusini imewahi kuwa nayo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta bado asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi, na asilimia 13 wa Migori, ilhali kiwango cha nchi kilikuwa 4.9. Kuishi ndiko kulikobadilika.

Kisiwani Mfangano ushirika huo wa afya na masomo ulichukua sura ya ajabu. Kituo cha Ekialo Kiona, maana yake ulimwengu mzima kwa Kisuba, kilijengwa kwa mikono ya wakazi na washirika wao wa nje, kikawekewa kompyuta zinazotumia umeme wa jua, intaneti na maktaba. Ada ya uanachama si pesa. Mwanachama hupimwa virusi kila baada ya miezi sita, na kwa hilo tu mlango uko wazi kwake, awe mvuvi wa miaka 50 au msichana aliyetoka sekondari. Baadaye kikaja na redio yake, inayotangaza kwa Kisuba, lugha ambayo kwa vizazi kadhaa ilikuwa ikimezwa na Kidholuo. Karibu miaka 30 baada ya kile cha mjini kuzimwa, kaunti ileile ikapata kituo kingine kidogo, safari hii kisiwani.

Mwaka wa 2007 unastahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana ndipo mambo mengi yalipogongana bila kupangwa. Shirika la takwimu la taifa lilitoa matokeo ya uchunguzi wa kwanza wa kina wa kisomo, ambao haukuwauliza watu kama wanajua kusoma bali uliwapa wasome. Asilimia 61.5 ya watu wazima walifaulu: wanaume 64.2, wanawake 58.9. Waliobaki, watu milioni 7.8, hawakuweza. Tofauti kati ya Nairobi na Kaskazini Mashariki ilikuwa kubwa kiasi cha kutilia shaka kama ni nchi moja. Ripoti ilisomwa, ikajadiliwa, na haukupita muda mrefu elimu ya watu wazima ikahamishiwa Wizara ya Elimu baada ya kutangatanga kwa miongo katika wizara za utamaduni na huduma za jamii.

Lakini Machi mwaka uohuo Safaricom ilizindua M-Pesa. Ghafla bibi wa Rangwe, ambaye kwa miaka 30 alikataa kwenda ngumbaru, alikuwa na sababu ya kutambua tarakimu: namba ya siri, kiasi alichotumiwa, salio lililobaki. Mwanzoni alimpa mjukuu simu amsomee. Mjukuu akila mia mbili, somo la kwanza limeingia. Na mwaka huohuo zikatoka kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, zikitaka kila ufuo uwe na kamati iliyochaguliwa, daftari la wanachama na la mashua, na hesabu za samaki walioshushwa. Mvuvi hodari asiyejua kuandika aliweza kuwa tajiri wa ufuo mzima. Ukatibu ulikwenda kwa mwingine. Nani anashika kalamu likawa swali la nani anashika ufuo, na watu wazima wakaanza kutafuta masomo bila kuhamasishwa na chifu.

Vyama vya kuweka na kukopa vilifanya kazi hiyohiyo kimyakimya. Sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo zake zinakaa kwa wanawake watatu tofauti. Kila mkutano hisa zinahesabiwa kwa sauti, mkopo unaandikwa, na aliyekopa anatia sahihi au kidole gumba. Mwanachama aliyechoka kutia kidole huwa mwanafunzi mwenye bidii kuliko yeyote aliyeletwa na kampeni.

Kule Kamagambo Kaskazini, Rongo, mwaka uleule wa 2007 kijiji cha Lwala kilifungua kituo cha afya kilichoanzishwa na ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', waliokuwa wakisomea udaktari Marekani na kuwapoteza wazazi wao wote wawili kwa Ukimwi. Kinachohusu simulizi hii ni jinsi walivyotendewa wakunga wa jadi, nyamrerwa kwa Kidholuo. Kwingine serikali na mashirika yaliwakataza na kuwatisha. Lwala iliwafundisha upya na kuwaajiri kama wahudumu wa afya wa jamii, wakifanya kazi pamoja na wauguzi, na kuwasindikiza wajawazito zahanati badala ya kuwazalisha sakafuni. Wanawake wenye umri wa kuwa bibi walijifunza kujaza fomu, kupima, kutambua dalili za hatari na kupiga simu. Mwanamke aliyekaa na ujuzi wake miaka 30 hakuambiwa kwamba hajui kitu, aliongezewa. Ukisikia maneno elimu endelevu yakitajwa kwenye semina za hoteli, mfano wake halisi ni huo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliingiza masomo ya watu wazima rasmi katika mfumo mpya wa elimu, na ofisi za kaunti zikapata majina marefu zaidi. Walimu hawakuongezeka kwa kasi ya majina. Mtu aliyeajiriwa mwaka wa 1979 akiwa na miaka 25 alifikisha 60 mwaka wa 2014, na kizazi hicho chote cha kampeni ya Moi kimekwisha kustaafu. Wakati uohuo sura ya darasa imebadilika. Wazee wamepungua, na wasichana wameongezeka. Mwaka wa 2014 uchunguzi wa afya na watu ulionyesha kwamba msichana mmoja kati ya kila watatu wenye umri wa miaka 15 hadi 19 katika Homa Bay alikuwa amezaa au ana mimba. Kufikia 2022 kiwango kilikuwa asilimia 23, ambacho kingali kikubwa. Baadhi yao hurudi shule za kawaida. Wengine huona haya kukaa na waliokuwa nyuma yao, na jioni humkuta mwalimu wa ngumbaru akiwa na vitabu vya sekondari badala ya chati ya silabi.

Juu zaidi ya ngazi hiyo kuna vyuo vikuu viwili ambavyo kizazi cha 1966 hakikuviota. Rongo kilipata hati yake mwaka wa 2016. Tom Mboya, mjini Homa Bay, kilianza kama tawi la Maseno kikapata hati mwaka wa 2022, na jina lake ni la mtu aliyesoma kwa barua. Katika vyuo vya Kenya, mipango ya likizo ndiyo imewapa maelfu ya walimu wa shule za msingi digrii zao: Aprili, Agosti na Desemba watoto wakienda nyumbani, mwalimu naye anakuwa mwanafunzi.

Swali lililo mezani sasa ni la mitihani. Ngumbaru aliyetaka cheti alijiandikisha kama mtahiniwa wa kibinafsi, akafanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, pamoja na watoto, na picha yake ikatoka gazetini. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari katika mfumo wa 8-4-4, imepangwa kufikia tamati mwaka wa 2027, na mtaala wa umilisi unaochukua nafasi yake unategemea kazi za mradi na tathmini za shuleni, mwaka baada ya mwaka, vitu vilivyoundwa kwa mtoto anayekaa shule siku nzima. Mwendesha bodaboda wa Suna anayesoma saa mbili jioni, siku tatu kwa wiki, akilenga KCSE, ana misimu michache ya kuufanya mtihani aliouanza kuusomea.